Kutambua na Kutaja Hisia kwa Usahihi

Ukirudishiwa karatasi ya mtihani wa utamilifu, usiishie kusema "najisikia vibaya". Kila hisia ina jina lake, na jina sahihi huonyesha hatua ya kuchukua.

(a) Hofu: husababishwa na hatari iliyopo. Mfano, kukutana na kiboko kando ya Ziwa Babati jioni. Hatua: ondoka.

(b) Wasiwasi: husababishwa na jambo ambalo bado halijatokea. Mfano, kuufikiria mtihani wa taifa wa Novemba. Hatua: panga ratiba ya kujisomea.

(c) Majuto: maumivu ya kosa ulilotenda. Mfano, kutoroka vipindi siku ya mnada. Hatua: rekebisha kosa.

(d) Aibu: kujiona umeshuka machoni pa watu. Hatua: zungumza na mtu unayemwamini.

Zingatia: Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, ukashindwa kula, kulala au kusoma, usiifiche. Mwone mwalimu wa ushauri na unasihi, au nenda kituo cha afya.

Zoezi: Hukujisomea kabla ya mtihani. Sasa unamkwepa jirani yako wa dawati aliyepata 78, wewe ukiwa na 41. Bainisha hisia mbili zilizomo na hatua ya kila moja.