Sindano ya Liongo ilikuwa na nini?

Yako masuala ambayo sisi watu wa pwani tumeyazungumza barazani tangu enzi za mababu, na hadi leo jawabu halijapatikana. Mojawapo ni hili: kwa nini Fumo Liongo, shujaa asiyedhurika kwa mkuki wala mshale, afe kwa sindano ya shaba tena ya kitovuni?

Kisa wasomaji wanakijua. Mtawala wa Pate alimwogopa, akamfunga. Mama akampelekea tupa ndani ya mkate, naye akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikivuma. Hatimaye mwanawe mwenyewe alirubuniwa, akamwuliza babake ni kitu gani kimwuacho. Baba akamwambia. Mtoto akamchoma usingizini. Liongo akaamka, akashika uta, akapiga goti karibu na kisima akafa papo hapo, mshale ukiwa tayari. Watu wakashikwa na kiu wasithubutu kusogea, wakidhani yu hai.

Edward Steere alikichapisha kisa hiki mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913. Habari ya sindano imo, lakini sababu yake haimo. Basi kila mtu amejaza pengo kwa alichonacho.

Wapo wasemao ni talasimu: aliyekingwa na chuma hakukingwa na shaba. Wengine husema kitovu ndipo mtu alipofungamana na mamake, na mama ndiye pekee aliyeweza kumkaribia pale kisimani. Waliosoma vya Waajemi humtaja Esfandiyar wa Shahnameh, aliyekingwa mwili mzima ila macho, Rustam akampiga mshale hapo hapo. Wayunani nao wana Achilles na kisigino chake. Kwao hii ni ada ya mashujaa wote: hapakosi tundu.

Lakini rai iliyonikaa moyoni sikuipata Lamu wala Kipini, ambako huonyeshwa kaburi la Liongo. Niliipata Kanyangi, Kitui, nilikokwenda kumzuru rafiki. Jioni moja nilimsimulia kisa hiki mzee mmoja wa Kikamba ambaye babake alikuwa mwindaji, miaka mingi kabla uwindaji haujapigwa marufuku nchini mwaka 1977. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja:

"Sindano ilipakwa nini?"

Nikamwambia, "Mzee, utendi hausemi."

Akacheka. "Ndugu yangu, shaba haiui. Mama zetu waliivaa mikononi na shingoni mpaka wakazeeka nayo. Kinachoua ni dawa."

Wakamba ni mafundi wa uta waliosifika, na sumu ya mishale yao hupikwa kwa mti tuuitao msunguti, ikafungwa kwa ngozi isikauke. Sumu hiyo husimamisha moyo. Kwa mzee yule, mtu aliyechomwa kidogo tu, akaamka na nguvu zake, akatembea hadi kisimani kisha akaganda, si muujiza hata kidogo. Babake alimweleza wanyama waliokufa hivyo hivyo.

Nimeipima rai hii. Inaeleza kwa nini jeraha dogo limwangushe jitu, na inaeleza ule mwendo wa kutoka kitandani hadi kisimani. Haielezi kwa nini kitovu. Wala hakuna simulizi niijuayo inayotaja sumu. Hata hivyo naiona ina haki ya kukaa barazani pamoja na zile za talasimu, maana imetoka kwa watu waujuao uta kwa mikono yao, na Liongo kwanza alikuwa mtu wa uta.

Kabla sijaondoka, mzee alirudi kwenye jambo jingine. Ya sindano yalikuwa yamemtosha. "Huyo baba," aliniuliza, "alimwambia mtoto kwa nini?"

Hapo msunguti hausaidii, wala talasimu, wala Waajemi. Pengine Liongo alimwamini mwanawe. Pengine aliijua hila akachoka kujificha. Pengine aliona baba hana siri mbele ya damu yake. Mzee hakuchagua, nami sijachagua.

Wasomaji wa Kipini, Pate, Siu na Faza: ikiwa bibi au babu yako alisimulia sehemu hii kwa namna nyingine, iandike upesi, ungali una wa kumwuliza.