Papa na Tai Yake

Charles Bukeko alipofariki Julai 18, 2020, simu yangu haikutulia. Mashoga walikumbushana vituko vya Papa Shirandula: lile tumbo, ile lafudhi ya Magharibi. Mimi nilikumbuka tai.

Kipindi kilianza Citizen mwaka 2007. Papa anatoka nyumbani na suti kama bosi, akifika kazini anavaa sare za usoja. Mkewe, Wilbroda, anajua ameolewa na mtu wa ofisi. Tulicheka hadi machozi!

Kisha mume wangu akafutwa kazi. Wiki tatu nzima alifunga tai asubuhi, akanibusu, akaenda kukaa Uhuru Park. Niligundua nilipompigia simu ya ofisini. Nilinuna, wee! Jioni hiyo Papa akatokea kwenye TV, anabadilisha nguo zake. Hakuna aliyecheka. Mume wangu akasema polepole, "Huyo ni mimi." Ndipo tukaanza kuongea.

Bukeko, aliyeuawa na korona akiwa na miaka 58, alizikwa kwao Busia. Jioni hiyo mume wangu alitazama habari sebuleni, amefunga tai. Sikumuuliza kitu.