Shilingi 45,000 za Nakivale

Aprili 2020, wiki chache tu baada ya Uganda kupata mgonjwa wake wa kwanza wa korona, mkimbizi wa makazi ya Nakivale aliyezoea kupokea shilingi 31,000 za chakula kwa mwezi alipewa 22,000. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa limepungukiwa na fedha za wafadhili, likakata mgao kwa asilimia 30. Februari 2021 makato yakafika asilimia 40.

Kwa nyumba ya watu 5, makato ya kwanza tu ni shilingi 45,000 kila mwezi. Hizo si hela za kuweka akiba. Ni unga, ndagala, mafuta na sabuni kutoka maduka ya Base Camp, kituo cha biashara cha Nakivale, ambayo huchukua mizigo mji wa Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi. Hela hizo zikikosekana, mwenye duka hauzi, wa bodaboda hapati mzigo, na muuzaji wa jumla mjini anaagiza kidogo. Utafiti wa 2016 katika makazi ya Rwamwanja na Adjumani ulionesha kuwa msaada wa fedha taslimu huwanufaisha hata wenyeji wanaowauzia wakimbizi.

Serikali, kwa upande wake, ilikuwa ikitumia zaidi. Mei 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliikopesha dola milioni 491.5. Uchumi ulipunguza mwendo lakini haukuanguka: mwaka wa fedha 2019/20 ulikua kwa takriban asilimia 3, huku wa Kenya ukisinyaa mwaka 2020.

Ila wastani wa taifa hausemi pesa zilimfikia nani. Nchi ilipofungwa mara ya kwanza kwa sababu ya korona, mwaka 2020, unga na maharagwe ya serikali viligawiwa Kampala na Wakiso. Nchi ilipofungwa tena mwaka 2021, shilingi 100,000 zilitumwa kwa simu kwa watu wapatao 500,000 wa mijini waliopoteza riziki. Mpango huo ulilenga majiji na manispaa, na Mbarara ilikuwa jiji tangu Julai 2020. Nakivale, yenye wakimbizi zaidi ya 100,000, ni makazi ya vijijini, hivyo ilibaki nje.

Huo ulikuwa upungufu mkubwa. Mgao wa Nakivale ulistahili kuzibwa mapema, kwa kuwa karibu kila shilingi yake hurudi sokoni upesi. Tena wakimbizi nao hubeba mzigo wa mkopo ule wa IMF: kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, imo ndani ya bei ya sabuni wanayonunua.