Mkataba wa Pango Uandikwe

Mbeya na Iringa ni miji ambayo riziki yake imefungamana na njia. Barabara kuu iendayo Zambia hupita katika mikoa yote miwili, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, Mbeya ilizidi kuwa lango la Zambia, Malawi na Kongo. Palipo na lango pana shughuli, na palipo na shughuli panatakiwa ofisi. Mawakala wa forodha, mawakili, vyama vya ushirika na hata baadhi ya idara za umma huko hufanya kazi katika majengo yasiyo yao. Miongoni mwa wapangaji hao wamo pia ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha ya Tanzania Bara yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa kuzuia wachache wasinenepe kwa jasho la wengi. Mwaka 1990 dhamana hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi ya pango nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba cha ofisi imekuwa ni mapatano. Sisi hatuna ugomvi na mapatano. Tunachokipinga ni mapatano ya upande mmoja.

Hali ilivyo inajulikana. Mpangaji hutakiwa kulipa pango la miezi sita au mwaka mzima kabla hajaketi. Pengine hudaiwa na kilemba kisichokuwa na stakabadhi. Hupaka rangi, huweka vioo, huvuta umeme. Biashara ikishachanganya, huambiwa aongeze au atoke. Akiulizwa mkataba wake u wapi, hujibu kwamba waliaminiana. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Kuandika si kumtuhumu mwenzio. Ni kuulinda udugu.

Ndugu zetu wa Visiwani hawana budi kufahamu kwamba ardhi si jambo la Muungano. Anayepanga Mbeya au Iringa huongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara. Mkataba usiotaja muda huhesabiwa kuwa ni wa kipindi kile ambacho pango hulipwa. Basi alipaye kwa mwezi asijidanganye kwamba amepewa miaka mitano. Aidha, mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe.

Liko pia suala la kodi ya zuio. Mpangaji mfanyabiashara hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini wako wenye majengo wanaotaka pango lao kamili mkononi, na mzigo wote humwangukia mpangaji. Huo ni uonevu, na dawa yake ni kuyaandika haya kabla fedha hazijatoka. Vivyo hivyo pango litajwe kwa shilingi, kwani kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza fedha za kigeni katika biashara za ndani.

Kwa upande wa maofisa wa Serikali, tunasema bila kuficha: haki ina pande mbili. Wenye majengo wote si mabepari. Wamo wastaafu na wajane waliojenga kwa akiba ya maisha yao. Ofisi ya umma inapokalia jengo la mtu wa namna hiyo na kuchelewesha pango, nayo inanyonya. Tunashauri halmashauri za miji ziweke mkataba wa mfano, kwa Kiswahili chepesi, upatikane bure kwa kila anayeuhitaji.

Mlango wa ofisi hufunguliwa kwa ufunguo. Amani ya waliomo humo hulindwa na karatasi iliyotiwa saini na wote wawili.