Mugasha na Mahali pa Ibada Yake katika Visiwa vya Ziwa Viktoria

Goziba ni kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, mkabala wa pwani ya Muleba, na wakazi wake wengi ni wavuvi waliotoka sehemu mbali mbali za nchi zizungukazo maji hayo. Mtu ahamapo huenda na dini yake. Je, mahali pa ibada napo pahamishika? Swali hilo lina historia ndefu ziwani humu, na jina moja lasaidia kuifunua.

Kwa Wahaya, Mugasha ndiye mwenye ziwa na tufani. Waganda humwita Mukasa, na makao yake makuu yalikuwa kisiwani Bubembe, katika visiwa vya Sese. Wakerewe husema Mugasa. Matamko hayo yatofautiana kwa konsonanti tu, nazo lugha zenyewe ni za jamaa moja. Ni vigumu kuamini kwamba kila pwani ilijibunia jina lake. Yaelekea lilisafiri mitumbwini. Masimulizi ya Ukerewe yasema kwamba Wasilanga, ukoo wa watawala, walitoka Ihangiro, iliyomo katika Muleba ya leo, wakiongozwa na Katobaha. Haifuati, hata hivyo, kwamba wao ndio waliompeleka Mugasa huko: njia za majini zilikuwa nyingi.

Nguvu ya Bubembe ilifika mbali. Mwisho wa mwaka 1879, Kabaka Mutesa alipokuwa mgonjwa, kuhani wa Mukasa aliitwa ikulu, na mmisionari Alexander Mackay akapinga vikali. Kisha, katika 1909 hivi, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Sese kwa ajili ya malale. Palipokuwa na ibada pakabaki bila watu. Huko Hungaria mambo yaligeuka kinyume: picha ya Bikira Maria ya Máriapócs, iliyosemekana kutoa machozi mwaka 1696, ilichukuliwa Vienna mwaka 1697, watu wakabaki. Nakala yake ndiyo iendewayo na mahujaji huko hadi leo.

Kwa mfasiri, taabu ni neno. Mzimu wa pwani ni mahali pa kutolea sadaka, pengine pangoni au chini ya mbuyu, lakini neno hilo lavuta fikira kwa wafu. Hekalu lataka jengo. Patakatifu pana harufu ya Biblia. Lililo karibu zaidi ni tambiko, ingawa hilo lataja tendo, si mahali. Na Mugasha hutambikiwa penye maji, ambayo hakuna mhamaji awezaye kuyachukua.