Makambako na Jumba la Kamari

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Mbeya na Tunduma hufika mahali ambapo upepo humpiga usoni na njia hugawanyika mbele yake. Akinyoosha anakwenda mpakani mwa Zambia. Akikata kushoto anapanda Njombe, kisha anateremka hadi Songea. Hapo ndipo Makambako. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, nayo ina stesheni hapo hapo. Basi mji huu haukukua kwa dhahabu wala kwa bandari. Umekua kwa sababu watu hupita, hulala usiku mmoja, hula, hutia mafuta na kuondoka.

Huenda wasomaji wetu wa visiwani watauliza habari za Makambako zinatuhusu nini. Zinatuhusu. Mbao tunazoezekea nyumba na mbatata tunazopika nyingi zatoka katika nyanda hizo za juu kusini, na wafanyabiashara wetu hulala katika nyumba za wageni za mji huo. Zaidi ya hayo, swali tunalolijadili leo halibagui bara na visiwa. Kila mji mdogo unaopokea wageni hufikiwa siku moja na mtu mwenye mkoba na michoro ya jumba zuri lenye taa, akisema kwamba hapa patajengwa kasino, vijana watapata kazi na Serikali itapata kodi. Je, mji kama Makambako umkaribishe mtu huyo?

Tuanze na sheria, kwa kuwa wako wanaodhani kamari yote ni haramu nchini, na wako wanaodhani yote ni ruhusa. Kwa upande wa Tanzania Bara, Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003, ambayo ilizifuta sheria za zamani za mwaka 1967 na 1974 zilizohusu bahati nasibu, na ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni. Mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kamari si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar huamua yake yenyewe. Tangu mwaka 2017 kodi ya michezo hiyo kwa upande wa Bara hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA.

Jambo hilo la mwisho maofisa wetu walitie maanani, kwani hapo ndipo hoja ya kodi inapoanza kulegea. Fedha ikikusanywa na TRA huenda katika Mfuko Mkuu. Halmashauri ya Mji wa Makambako, ambayo ndiyo itakayobeba ulinzi wa mitaa, ustawi wa jamii na watoto walioachwa na njaa nyumbani, hutegemea vyanzo vidogo kama ushuru wa huduma, ambao kwa sheria ni sehemu ndogo tu ya mauzo. Faida yapanda gari kwenda mbali, taabu yabaki mtaani. Hatusemi kwamba Hazina haigawi; twasema kwamba diwani anayeahidi wapiga kura wake utajiri wa kasino yapasa kwanza awaonyeshe hesabu.

Sasa tutazame jumba lenyewe linavyofanya kazi, maana wengi huingia wakidhani wanashindana na bahati. Chukua gurudumu la namba liitwalo ruleti. Lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Mtu akiweka shilingi 1,000 juu ya kila namba atakuwa ametoa shilingi 37,000. Namba moja itashinda, naye atalipwa 35,000 pamoja na shilingi yake 1,000, jumla 36,000. Shilingi 1,000 imebaki kwa mwenye jumba. Na asipoweka zote, akaweka moja tu kila mara, hesabu haibadiliki. Huchelewa tu kuonekana. Hapana wizi hapo, hapana mazingaombwe. Mwenye jumba hahitaji kumdanganya mtu. Anahitaji tu watu waendelee kucheza.

Kwa hiyo suala la mji ni moja: fedha itakayochezwa ni ya nani? Monaco iliuelewa ukweli huu zamani, ikawakataza raia wake wenyewe kucheza katika kasino yake. Singapore, ilipofungua majumba yake mwaka 2010, iliwatoza wenyeji ada ya kuingia, nayo ikapandishwa mwaka 2019, huku wageni wakiingia bure. Sun City ya Afrika Kusini ilifunguliwa mwaka 1979 ndani ya Bophuthatswana ili kuchuma fedha za watu wa Johannesburg, ambako kamari ilikatazwa. Malindi, kwa ndugu zetu wa Kenya, imekuwa na kasino iliyotegemea watalii, hasa Waitalia. Hata palipokuwa na wageni tele mambo hayakudumu: Atlantic City ya Marekani ilikubaliwa kuwa na kasino kwa kura ya jimbo lake mwaka 1976, ikafungua ya kwanza 1978, na mwaka 2014 pekee majumba manne yakafungwa.

Makambako haina watalii wa namna hiyo. Ina madereva wa malori yaendayo Zambia, Malawi na Kongo, pamoja na utingo wao. Twakubali kwamba baadhi ya fedha zao ni za nje. Lakini ni posho ya safari, na dereva aliyeimaliza posho usiku wa manane ana tangi la mafuta na shehena isiyo yake. Polisi wa barabarani hawahitaji tuwaeleze yatakayofuata.

Na wengine ni nani? Ni mkulima wa Njombe, wa viazi, chai, mbao na sasa parachichi. Huyu hashiki fedha kila mwezi, huishika msimu. Amekwisha kunyonywa kwa lumbesa, gunia lile lililoshonewa kilemba ambalo Serikali imelikataza mara nyingi na bado linapakiwa. Akitoka sokoni na kilichobaki, fedha hiyo ndiyo mbolea ya mvua za Novemba na sare za watoto. Kumjengea jumba la kamari kati ya soko na kituo cha basi ni kumwekea lumbesa ya pili, safari hii yenye taa za rangi.

Kuna jambo jingine ambalo si la fedha. Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012, umekwisha kulipa gharama kubwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI huko kuwa asilimia 14.8, wakati taifa zima lilikuwa na asilimia 5.1. Utafiti wa 2022 na 2023 bado uliikuta Njombe ikiongoza kwa asilimia 12.7. Hatudai kwamba kamari huleta ugonjwa. Lakini mahali palipo na wasafiri, ulevi na fedha ya usiku panajulikana, na mganga wa wilaya hatapenda paongezwe pengine.

Wanaotetea kasino wana hoja moja ambayo hatuwezi kuipuuza, nayo kwa kweli imetusumbua. Wanasema kamari imekwisha kuingia: zipo zile mashine za sarafu, vijana huziita dubwi, ambazo zimesambaa katika miji midogo ya Bara hadi vilabuni na pembeni mwa maduka. Je, si afadhali jumba moja lenye mlango, mlinzi na ukaguzi wa vitambulisho kuliko mashine mia zisizo na mlango? Ingekuwa afadhali, kama jumba lingeziondoa mashine. Lakini haliziondoi. Mtu wa dubwi hana kiatu cha kuingilia kasino, wala mwenye mashine hataifunga kwa sababu jirani amefungua jumba. Mji utakuwa na vyote viwili.

Kwa sababu hiyo sisi twaona Makambako isilikaribishe jumba hilo, na Njombe vivyo hivyo. Na kazi iliyo mbele ya wakuu wa mkoa si kungoja mtu wa mkoba, bali kushughulika na mashine zilizopo: zisiwe karibu na shule, kila moja iwe na leseni inayoonekana, na mwenye duka anayemwachia mtoto acheze anyang'anywe. Bodi nayo, kabla ya kutoa kibali katika mji mdogo, iwasikilize wananchi katika mkutano wa mtaa, si katika barua.

Madiwani hukutana kila robo ya mwaka. Tunaomba kikao kijacho kisomewe idadi ya mashine hizo, mtaa kwa mtaa, na mbele ya kila mtaa iandikwe fedha iliyorudi kwa halmashauri.