Ukucha chini ya hina

Usiku wa kupaka hina, katika nyumba moja ya Malindi, Mji Mkongwe, binamu yangu aliukunja mguu wake wa kulia chini ya kanga. Wa kushoto alikuwa ameshaunyosha juu ya mto, umejaa maua. Mpaka hina akamwambia autoe na huo mwengine. Alipoutoa tukaona kilichokuwa kikifichwa: ukucha wa kidole gumba umekuwa mnene, wa manjano, na ncha yake inamomonyoka unga. "Dada, hapo nikoleze," alinong'ona. Ukakolezwa mara tatu, ukapendeza, na harusi ikapita salama. Miezi minane baadaye kucha tatu zilikuwa katika hali ile.

Hina haina kosa. Kwetu Unguja ndiyo pambo la kucha, kwa sababu haizuii maji ya udhu kama inavyozuia rangi ya chupa. Lakini hina huficha, na fangasi wa kucha hustawi wanapofichwa.

Fangasi hao ni jamii moja na wale wanaoleta choa. Mara nyingi hawaanzii kwenye ukucha. Huanzia katikati ya vidole, hasa kile kidogo na cha pembeni yake: ngozi hugeuka nyeupe, hulainika na kuwasha. Mtu hujikuna, husahau, na baada ya muda wanaingia chini ya ukucha, ambako dawa ya kupaka hufika kwa taabu. Anayetibu muwasho ule wa mwanzo amejiepusha na matibabu marefu.

Wanachopenda ni joto na unyevunyevu, na kisiwa chetu kina vyote. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, viatu vilivyorowa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe havikauki hadi asubuhi, na tunavivaa hivyo hivyo. Kuna na ndara za chooni zinazovaliwa na kila aingiaye. Wazee walikuwa na mitalawanda, vile viatu vya mti vya kuingilia chooni; yafaa kila mtu naye awe na ndara zake. Udhu wenyewe ni usafi. Tatizo ni maji yanayobaki tukishamaliza. Tunakhilali vidole vizuri, kisha tunatia mguu mbichi ndani ya soksi. Kitambaa kidogo kikavu, chako peke yako, kinatosha.

Akina mama wa mwani nao wana mzigo wao. Tangu kilimo cha mwani kianze Paje na Jambiani mwaka 1989, wao ndio wanaoshuka pwani kila bamvua na kuinama saa nyingi majini, wengi kwa soksi na raba ili wasichomwe na miiba. Kiatu kilichojaa maji kikisugua kidole kile kile siku baada ya siku, ukucha hulegea na fangasi hupata mlango. Waosha vyombo na wauza samaki wa Darajani mara nyingi huumwa kucha za mikono: nyama ya pembeni huvimba na kuuma, kisha ukucha hugeuka rangi.

Binamu yangu alianzia duka la dawa. Akauziwa krimu, akapaka miezi miwili, ukucha haukubadilika. Akauziwa vidonge vya ketokonazoli bila kuulizwa chochote, nami hilo liliniudhi sana: tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimeonya juu ya vidonge hivyo kwa sababu vinaweza kuharibu ini. Hatimaye alimwona daktari wa ngozi. Kwanza daktari akakwangua ukucha, unga wake ukapimwa kwa hadubini. Kipimo hicho kisirukwe, maana karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi kabisa. Nyingine zimeminywa na kiatu, nyingine ni ugonjwa wa ngozi. Mstari mweusi unaozidi kupanuka kwenye ukucha mmoja unaweza kuwa saratani. Iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia kwenye kidole cha mguu.

Fangasi walipoonekana, akapimwa ini, akaandikiwa terbinafini ya miligramu 250, kidonge kimoja kila siku kwa wiki 12. Kucha za mikono huhitaji wiki 6.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Vidonge vinakwisha, ukucha bado mbaya, mtu husema dawa ni feki. Ukucha ulioharibika haurudi kuwa mzuri. Husukumwa nje na mpya unaotoka shinani, na ukucha wa gumba la mguu hukua kama milimita moja na nusu tu kwa mwezi. Kubadilika wote huchukua mwaka, pengine mwaka na nusu. Angalia shinani: pakitoka ukucha safi, dawa imefanya kazi.

Mwenye kisukari asingoje hata kidogo, kwani ukucha mnene huchoma nyama na kufungua kidonda ambacho huenda asikihisi. Wewe mwengine, kama kuna mguu unaoukunja chini ya kanga, umwoneshe daktari kabla ya hina nyingine.

Ukucha mpya wa binamu yangu sasa umefika nusu. Kitambaa chake cha miguu kinaning'inia nyuma ya mlango wa choo, na hakuna mwengine anayekigusa.